Barua kwa mwanangu: ile pembe iliyokataa kuwa sifuri

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, umeme umekatika, nikaurudia asubuhi. Unauliza kuhusu utafiti wako wa nyutrino, zile chembe ndogo mno zisizo na chaji: "Mama, ulinganifu huu vipimo vilishaukataa tangu 2012. Kuna faida gani kuupa miaka minne ya maisha yangu?" Baba yako alitaka tukupigie. Nimeona niandike, maana jibu langu ni refu.

Kwanza nilikata kartoni la sabuni, nikatengeneza piramidi ya nyuso nne, zote pembetatu sawa. Ncha tatu nikazipaka wino, bluu, nyekundu na nyeusi. Ya nne nikaiacha tupu. Nikaishika kwa ile tupu nikaizungusha theluthi ya mzunguko: ncha tatu za chini zikapokezana nafasi, umbo likabaki lilelile; huo ndio ulinganifu. Kisha nikaishika katikati ya kingo mbili zinazotazamana, nikaigeuza nusu: ncha zikabadilishana mbili mbili. Nikahesabu namna zote, pamoja na ile ya kutoigusa kabisa. Ziko 12. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sikuwahi kuzihesabu kwa mikono yangu.

Hapo nikaelewa unachokifanya. Nyutrino ziko aina tatu, na mizunguko hii 12 ina nafasi ya kuzibeba zote tatu pamoja, kama ndugu wa tumbo moja. Elektroni na ndugu zake wazito, muoni na tau, hubaki na mzunguko wa theluthi. Nyutrino hubaki na ule wa nusu. Kwa sababu hawakubaki na mzunguko mmoja, nyutrino inayozaliwa pamoja na elektroni haiwi na masi moja, inakuwa mchanganyiko wa zote tatu, na kipimo cha mchanganyiko kinatoka kwenye umbo lenyewe. Mwanangu, huo ni uzuri wa kweli, usiuonee haya.

Na kuchanganyika kwenyewe hakuna anayekubisha. Walioligundua jambo hili waliingia migodini kama wajomba zako: wale wa kituo cha Super-Kamiokande nchini Japani mwaka 1998, kisha wale wa Sudbury, Kanada, kilomita 2 chini katika mgodi wa nikeli, waliothibitisha kwamba nyutrino za Jua hubadilika aina kabla ya kutufikia.

Sasa tuje kwenye sifuri inayokuumiza. Mwaka 2002 wanafizikia Harrison, Perkins na Scott walitoa muundo wa kuchanganyika, ule ambao ulinganifu wako huuzaa, wenye pembe hizi tatu: digrii 45, digrii 35.3, na sifuri. Machi 2012 watafiti wa jaribio la Daya Bay, China, wakaonyesha kwamba ya tatu si sifuri; leo tunajua ni kama digrii 8.5. Wewe unaita hicho kifo. Lakini ingekuwa sifuri kweli, tusingeweza kamwe kuona kama nyutrino na antinyutrino hubadilika kwa namna tofauti, na swali la kwa nini maada ilibaki na antimaada ikatoweka lingepoteza mlango mmoja mkubwa.

Tena muundo ule haukufa wote. Nilikaa na kalamu. Huandikwa kama jedwali la namba lenye safu wima tatu: ukiacha safu yake ya kwanza ilivyo na kulegeza nyingine, ile pembe ya Jua (ya digrii 35.3), kwa mraba wa sine yake, inatoka 0.318. Ukishika safu ya pili, inatoka 0.341. Vipimo vya sasa vinazunguka 0.31. Kwa hiyo wa pili ana shida kubwa, wa kwanza bado anapumua, na JUNO, kituo cha nyutrino cha China kilichoanza kukusanya data Agosti 2025 na tani zake 20,000 za kimiminika, kitapima kwa makosa yasiyofika asilimia moja. Unaona? Wazo lako liko tayari kuhukumiwa, na hukumu iko karibu.

Jambo moja nakubaliana nawe. Zile karatasi ulizonitumia, ambazo kila kipimo kipya kikitoka wanaongeza kigezo kingine ili hesabu ikubali, hizo ziache. Kwa hizo nisingekuombea hata mwaka mmoja.

Baki na ile ya safu ya kwanza. Andika namba yako, weka tarehe, unitumie kabla JUNO hawajatoa neno la mwisho. Nitaibandika ukutani, kando ya kalenda. Piramidi nimeiweka juu ya kabati. Ukija Krismasi utaikuta.

Mama yako