Kupanda Peke Yako Vilele Visivyo na Njia Wakati wa Theluji

Ninapopanga safari ya kupanda peke yangu kilele kisicho na njia katikati ya majira ya baridi, huikagua ramani sehemu kwa sehemu nikijiuliza swali moja tu: nikivunjika kifundo cha mguu mahali hapa, saa kumi jioni, je, nitakuwa hai kesho asubuhi? Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatokana na swali hilo. Anayetembea na wenzake anaweza kujiuliza kama ana nguvu za kufika kileleni na kurudi, kwa sababu akikwama kuna wa kumfunika, wa kumwashia moto na wa kwenda kuita msaada. Aliye peke yake hana budi kupanga safari kana kwamba kukwama ni jambo litakalotokea.

Milima ninayoifahamu zaidi ni ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani, ndani ya hifadhi yenye eneo la takriban ekari milioni 6. Robert Marshall, mdogo wake George na kiongozi wao Herbert Clark walikamilisha kuvipanda vilele 46 vilivyohesabiwa kuwa virefu zaidi huko mwaka 1925, na vingi kati ya hivyo havikuwa na njia yoyote. Leo hata vile ambavyo havina njia rasmi vina vijia vilivyochongwa na miguu ya watu wengi. Anayetaka msitu usio na alama hulazimika kwenda kwenye vilele vya chini kidogo ya hivyo na vilivyo mbali zaidi, mfano wa MacNaughton, ambako unaweza kutwa nzima usione unyayo wa mtu. Milima hiyo si mirefu, na wengi huidharau kwa sababu hiyo. Ugumu wake umo kwenye msitu.

Chini, msitu ni wa miti ya majani mapana inayopukutika, nayo wakati wa baridi huacha nafasi pana ya kupita na kuona mbele. Kadiri unavyopanda ndivyo miti hiyo inavyopungua na kuachia nafasi misonobari ya jamii ya sprusi, mifupi, iliyosongamana na yenye matawi yanayoanzia ardhini. Hapo mwendo hubadilika kabisa. Kwa hiyo, ninapochora njia yangu kwenye ramani, ninatafuta mteremko utakaoniweka katika msitu ulio wazi kwa urefu mkubwa iwezekanavyo, hata kama ni mzunguko, kisha niingie kwenye sprusi mahali ambapo umbali uliobaki hadi kileleni ni mfupi. Picha za setilaiti zilizopigwa wakati wa baridi husaidia sana hapa, kwa sababu misonobari huonekana ya kijani kibichi huku miti mingine ikiwa ya kijivu. Mitelemko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, iliyo wazi bila miti, ninaikwepa moja kwa moja, kwa kuwa hapo ndipo theluji huporomoka, na mtu aliyefukiwa akiwa peke yake hana wa kumfukua.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote katika msitu huo ni ile wapandaji wanayoiita mtego wa sprusi. Theluji inapoanguka juu ya mti mchanga, matawi yake huizuia isifike chini, na kuzunguka shina hubaki uwazi uliofunikwa na tabaka jembamba. Kwa juu huoni chochote ila theluji laini iliyotandaa, pengine na kincha cha kijani chenye urefu wa kidole. Ukikanyaga hapo, tabaka linavunjika na unazama hadi kifuani, na kiatu cha theluji, kile kipana kinachofungwa chini ya buti, kinanasa chini ya matawi. Unapovuta mguu, matawi yanakibana zaidi, huku theluji ya pembeni ikikuporomokea na kujaza shimo. Mtu anaweza kutumia nguvu zake zote kwa kupapatika humo, akalowa jasho, na akatoka akiwa hana tena joto la kumrudisha nyumbani.

Ukizama, kwanza tulia kabisa mpaka pumzi irudi. Kisha vua mkoba uulaze mbele yako juu ya theluji, uweke fimbo zako mbili zikipishana kwa umbo la msalaba, na uegemeze kifua juu yake ili uzito wako usambae. Kwa mkono mmoja, fukua theluji iliyolala nyuma ya kiatu kilichonasa, kwa sababu mara nyingi kinachokishika ni mkia wake wala si ncha. Sukuma mguu mbele na chini kabla ya kuuinua, ili kiatu kitoke chini ya tawi kwa kufuata njia ile kilikoingilia. Ikishindikana, fungua mikanda, toa mguu, halafu kivute kiatu kwa mkono. Nimewahi kulala kifudifudi juu ya mkoba wangu, mkono umezama hadi begani, nikipapasa kamba moja ya plastiki iliyoganda barafu, na kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimeizoea kamba ile nyumbani kwa kuifunga na kuifungua gizani nikiwa nimevaa glavu. Ninakusihi ufanye zoezi hilo kabla hujaenda popote. Katika eneo lenye vincha vinavyochungulia, choma fimbo mbele kila hatua, na uvizunguke vincha hivyo kwa mbali.

Suala la muda huwadanganya hata watembeaji wazoefu. Kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892 inakadiria saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye sprusi iliyosongamana, juu ya theluji ambayo hakuna aliyekutangulia kuikanyaga, mimi hukadiria saa nzima kwa kilomita moja, na kwenye mita mia kadhaa za mwisho hukadiria zaidi ya hapo. Wenzio wakiwepo, mnapokezana kufungua njia. Peke yako kila hatua ni yako. Tarehe 21 Desemba, kwenye latitudo ya nyuzi 44 kaskazini, mchana ni wa takriban saa 9 tu, na ukitoa muda wa kufika kwenye mguu wa mlima, kilichobaki ni kidogo. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza asubiri mwezi Machi, wakati mchana unakaribia saa 12 na theluji imeshikamana vizuri zaidi, ingawa ajue kwamba kina chake wakati huo kinaweza kuwa kikubwa na mitego nayo mirefu.

Ninaandika saa ya kugeuka kwenye pembe ya ramani kwa kalamu ya risasi kabla ya kutoka, na saa hiyo ikifika ninageuka, hata kama kilele kiko umbali wa mita 100. Nimegeuka hivyo zaidi ya mara moja nikiwa naona mwanga wa anga ukipenya kati ya vilele vya miti ya juu kabisa. Inauma sana, sitakuficha. Lakini mita 100 katika msitu ule zinaweza kuwa nusu saa ya kwenda, na nusu saa hiyo hukatwa kutoka kwenye mwanga wa kurudia. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kuhusu kutafuta njia, kumbuka kwamba dira haielekezi kaskazini ya ramani. Kaskazini-mashariki mwa Marekani tofauti hiyo ni takriban nyuzi 13 kuelekea magharibi, na asiyeirekebisha hupotoka karibu mita 230 katika kila kilomita. Pia elewa jambo moja ambalo watu wengi hulitambua wakiwa wameshachelewa. Wakati wa kupanda, migongo ya mlima hukutana juu, kwa hiyo hata ukikosea kidogo kuna uwezekano mkubwa wa kufika kileleni. Wakati wa kushuka migongo hiyo hiyo huachana, na kosa la nyuzi chache karibu na kilele hukupeleka kwenye bonde jingine kabisa, upande wa pili wa mlima, mbali na gari lako. Ndiyo maana ninapima upya mwelekeo wangu wa kushuka nikiwa bado kileleni, wakati akili ina utulivu, na ninaulinganisha na alama za viatu vyangu. Alama hizo ndizo njia bora ya kurudi, lakini usizitegemee peke yake, kwa maana mahali palipo wazi upepo huzifuta upesi.

Kifaa cha GPS nabeba, na cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti nabeba pia. Betri za simu huishiwa haraka kwenye baridi, kwa hiyo simu hukaa mfuko wa ndani, karibu na ngozi, na taa ya kichwani huwa na betri za lithiamu zisizochajiwa, ambazo hustahimili baridi kuliko zile za alkali. Hata hivyo, kitufe cha dharura hakimpi mtu joto. Waokoaji watalazimika kupasua msitu uleule uliokuchukua siku nzima, na pengine watafanya hivyo usiku. Wakati wanakuja, ni juu yako kuishi.

Kwa hiyo tuje kwenye mkoba, ambao kwangu haupungui hata kwa safari ya kutwa. Mkeka wa povu wa kukinga mwili na theluji ni kitu cha kwanza, kwa kuwa ukikaa moja kwa moja juu ya theluji joto hukutoka kwa kasi. Halafu mfuko wa kulalia, mfuko wa nje usiopitisha upepo, koti nene la manyoya ya bata, glavu za akiba, soksi za akiba, na jiko dogo la mafuta mepesi pamoja na sufuria ya kuyeyushia theluji. Majiko ya gesi ya kawaida yana udhaifu mmoja: gesi ya butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na nyuzi sifuri. Chupa za maji ninaziweka kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda juu, na ukizipindua mdomo wa chupa hubaki wazi.

Mavazi yana kitendawili chake. Kupanda kunakutoa jasho, kwa hiyo unatamani kuvua, lakini kila tawi unalogusa linakumwagia theluji shingoni na mabegani, na theluji hiyo inayeyuka juu ya mwili wenye joto. Suluhisho langu ni kuvaa koti la juu lenye kofia, lisilopitisha maji, na ndani yake fulana moja nyembamba ya sufu tu, kisha kwenda polepole kiasi cha kutolowa jasho. Pamba isiguse mwili wako hata kidogo, kwa sababu ikilowa haikupi joto. Ukisimama kwa zaidi ya dakika mbili tatu, vaa koti nene papo hapo kabla hujahisi baridi. Kilele chenyewe mara nyingi hakina mandhari, ni miti tu, lakini penye uwazi upepo hubadilisha kila kitu: nyuzi 15 chini ya sifuri zikiambatana na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 27 chini ya sifuri.

Hipothemia huanza joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35, na ubaya wake ni kwamba huiba kwanza uwezo wa kuitambua. Mwenzako angekuona unajikwaa na kuongea kwa ulimi mzito. Ukiwa peke yako unahitaji kipimo kisichotegemea hisia. Mimi hugusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo, na hufanya hivyo kila ninapoangalia saa. Vidole vikishindwa kukutana, safari ya kwenda mbele imekwisha: navaa kila nilicho nacho, nakula kitu chenye sukari, nakunywa kitu cha moto, na ninaanza kushuka. Ikitokea kwamba mwili uliokuwa ukitetemeka sana umeacha kutetemeka ingawa hujapata joto, hali ni mbaya zaidi, na huo ndio wakati wa kuingia kwenye mfuko wa kulalia na kubonyeza kitufe cha dharura bila kuona haya.

Mwisho, kuna mtu mmoja anayepaswa kujua ulipo. Mwachie nakala ya ramani yenye mstari wa kupandia na wa kushukia, mahali utakapoegesha gari, rangi ya koti lako, na saa kamili ambayo asipokusikia atapiga simu ya uokoaji. Saa hiyo iwe na nafasi ya kuchelewa kwa kawaida, ili asiwasumbue waokoaji bure, lakini isiwe ya kesho yake mchana. Na mkubaliane kwamba hutabadilisha mlima njiani kwa sababu tu umevutiwa na mwingine, maana watakaokutafuta wataanzia kwenye mstari ule uliouchora. Ukifika kwenye gari, mpigie kabla ya kuvua buti, na kama hapo hakuna mtandao, endesha hadi utakapoupata ndipo ufikirie kula.