Barua kwa mwanangu: kahawa chungu na redio ya usiku

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipata. Umeuliza mawili kwa mpigo: kwa nini ile redio kuukuu uliyoondoka nayo hapa Lamu haitoi kitu Nairobi ila mkoromo, na kahawa ya barazani ilikuwa ikipikwa vipi hata hiyo unayonunua mkahawani isifanane nayo. Halafu ukachokoza kwamba pengine wazee tunapenda tu kusifu ya kale.

Kwa redio umekosea nusu. Redio zenyewe hazikuwa na ajabu. Nyingi zilitoa sauti kama iliyo mtungini, na kituo kiliweza kupotea katikati ya taarifa ya habari. Kilichokuwa kizuri ni usiku wenyewe. Usiku ndio ulioileta Dar es Salaam mpaka hapa kwetu Mkunguni, na usiku huo bado upo. Ulioondoka ni ukimya wa umeme.

Nikueleze. Mchana jua huchaji tabaka la anga lililo kilomita 60 hadi 90 juu yetu, wataalamu huliita tabaka D. Tabaka hilo humeza mawimbi ya masafa ya kati (yale ya MW kwenye redio), kwa hiyo mchana unapata kituo kilicho karibu tu, kile ambacho mawimbi yake yanatambaa juu ya ardhi na bahari. Jua likizama tabaka D hutoweka upesi. Hapo mawimbi hupaa hadi tabaka F, kilomita 250 hadi 400 juu, yakagonga na kurudi chini mbali sana, hata kilomita 1,000 na zaidi. Ndiyo sababu baada ya isha redio ile ile iliyokuwa bubu alasiri hujaa watu. Na ile tabia ya sauti kuja na kuondoka si ubovu wa redio. Ni mawimbi ya njia mbili yanayofika kwa kupishana, mara yanasaidiana, mara yanauana.

Masafa mafupi (SW) nayo yana kanuni yake: jua likiwa juu, panda kwenye megahezi nyingi, yaani mita chache, giza likizidi, shuka. Mchana tafuta mita bendi 16 na 19. Kuanzia magharibi hadi kama saa tatu usiku, mita bendi 25 na 31. Usiku mkubwa, mita bendi 41, 49 na 60. Ukiwa na kilohezi na hujui ni mita ngapi, zigeuze kuwa megahezi kisha gawa 300 kwa hesabu hiyo. Zanzibar ilitangaza miaka mingi kwenye kilohezi 11735, yaani megahezi 11.735, ikawa mita 25 na ushei. Dar es Salaam kwenye kilohezi 5050 ilikuwa mita 59 na kitu, ndiyo maana ilishika vizuri giza likishaingia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, ya Deutsche Welle 1963, na hizo ndizo zilizowafanya watu wa mui huu waweke saa zao kwa redio. Vituo vya mbali hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwa hiyo kituo kikikosekana pale ulipokizoea usiilaumu redio kwanza. Nikuambie kweli, siku hizi vingi vya Kiswahili vimehamia FM na intaneti, na kwenye masafa mafupi utapata vichache kuliko zamani. Lakini masafa ya kati usiku bado yana uhai.

Sasa mkoromo wako. Hiyo ni nyumba yako inasema. Taa za LED, chaja za simu, televisheni na kisanduku cha intaneti vyote hutoa uchafu unaoangukia hasa kwenye masafa ya kati na mafupi. Fanya hivi usiku mmoja: tia mawe mapya, yaani betri, zima swichi kuu ya nyumba, sikiliza. Mkoromo ukikata, mchawi yumo ndani. Chomoa kila kitu na uzime taa zote, washa swichi kuu, kisha chomeka na kuwasha kimoja kimoja huku redio inaita, na kitakachorudisha kelele ndicho. Mara nyingi ni chaja ya bei rahisi au balbu moja tu. Mkoromo usipokata hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kelele ni ya jirani au ya nguzo ya umeme, na hapo dawa ni kuhama upande wa nyumba. Isitoshe, ghorofa la zege lina nondo za chuma ndani yake, na nondo huzuia mawimbi. Ikae dirishani. Hata hapa kwetu kuta za mawe zina unene wa kutosha kuizima redio ikiwa ndani kabisa. Ndiyo maana watu waliisikilizia darini au kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, si chumbani.

Kosa la pili nalijua bila kuliona, kwa sababu kila mtu hulifanya: umeuvuta mlingoti wote juu ukitafuta masafa ya kati. Mlingoti ule ni wa FM na masafa mafupi. Antena ya masafa ya kati imo ndani, ni kijiti cheusi cha feraiti, kigumu mfano wa penseli nene, kimezungushiwa uzi mwembamba wa shaba, na kwa kawaida kimelala kwa urefu wa redio sehemu ya juu. Kijiti hicho kina mwelekeo. Ncha zake zikielekea kituo, kituo hufa. Ubavu wake ukielekea kituo, sauti hupanda. Kwa hiyo unaizungusha redio nzima, taratibu. Ukiwa Lamu, Mombasa na Dar ziko kusini kuelekea kusini-magharibi, basi uso wa redio au mgongo wake uelekee huko. Ukiwa Nairobi, Dar iko kusini-mashariki. Kituo kingine kikiingiliana na unachokitaka, usitafute sauti kubwa. Zungusha mpaka kile kinachosumbua kife.

Kwa masafa mafupi ongeza waya. Mita 5 hadi 10 za waya mwembamba wenye ganda zinatosha. Menya ncha moja, uibane kwenye mlingoti kwa klipu, na ncha nyingine uifunge mbali na ukuta na mabati kwa kamba ya nailoni. Usifunge mita 30 kwa tamaa. Redio ndogo ikilishwa kupita kiasi huanza kupiga miluzi na kuonyesha kituo kimoja mahali pawili. Na masika, ukisikia mipasuko ya radi kwenye masafa ya kati, shusha waya kabla mvua haijafika. Si jambo la ujasiri.

Kabla ya yote hayo, ifungue redio uiangalie. Mawe manne ya voti 1.5 ni voti 6. Yakishuka kila moja hadi karibu voti 1, sauti huanza kukwaruza na vituo dhaifu hutoweka kwanza, hata kama taa yake ndogo inawaka. Watu walikuwa wakianika mawe juani yapate nguvu, na kweli yalipata, kwa sababu joto huharakisha kazi ya dawa ndani. Lakini ni nguvu ya saa chache, na jiwe lililoanikwa mara kwa mara ndilo linalovuja. Ukikuta ute au unga kwenye chemchemi za betri, angalia jiwe lilikuwa la aina gani. Yale mawe ya kawaida ya zinki na kaboni huvuja asidi, basi safisha kwa kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika vijiko vitatu vya maji. Yakiwa ya alkali, fanya kinyume: pamba yenye siki au maji ya ndimu. Ukichanganya mambo, hutaharibu sana, lakini hutaondoa kitu. Kisha pangusa kwa spiriti, kausha, na kwangua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Hewa ya chumvi ya hapa, hasa miezi ya kusi, hula chemchemi hizo hata mawe yasipovuja, na redio isiyotumika ikae bila mawe kabisa.

Kitufe cha sauti kikikwaruza, ni vumbi na chumvi. Puliza dawa ya kusafishia swichi kwenye tundu lake, zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini huku redio imezimwa, ngoja ikauke. Sindano ya kuonyesha kituo ikikataa kwenda ingawa kitufe kinazunguka, uzi unaoivuta umelegea. Na kama sauti ni ndogo na ina mvumo hata kwa mawe mapya, kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimekauka, jambo la kawaida kwa redio ya miaka thelathini. Fundi abadilishe zile za duara ndefu kwa mikrofaradi zile zile, voti sawa au zaidi ya zilizoandikwa, na upande wa hasi usigeuzwe.

Haya, kahawa.

Hapo sikubishii, maana ya zamani ilikuwa bora, na sababu yake haina siri. Haikuwa buni ya daraja la juu. Hiyo ilikwenda ng'ambo na bado inakwenda. Ilikuwa buni ya kawaida iliyokaangwa na kutwangwa karibu na siku ya kunywewa. Unga wa mkebe uliofunguliwa wiki nyingi umeshapoteza harufu, hata ukiuchemsha kwa dua.

Chukua gramu 200 za buni mbichi, toa mawe na zilizotoboka. Kaanga kwenye kikaango kikavu, moto wa mkaa wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi, na baada ya dakika kama kumi utasikia zinapasuka. Endelea. Kahawa chungu inataka rangi nyeusi inayoanza kung'aa mafuta, na mpasuko wa pili, ule mdogo wa haraka haraka, ndio ishara ya kuepua. Ukiepua mapema utapata uchachu, ukichelewa dakika mbili utapata majivu. Zimwage kwenye ungo papo hapo, maana kikaango chenye moto huendelea kuzikaanga, pepeta maganda, na ziache zipoe kabisa. Ukitwanga zingali moto zinashikana na kinu. Twanga iwe chembechembe, si vumbi. Vumbi halitui chini.

Kwa lita 1 ya maji tia gramu 60 za kahawa, vijiko vikubwa kumi hivi. Tangawizi chemsha kwanza na maji dakika kumi: mbichi iliyopondwa gramu 20, au kavu ya unga kijiko kimoja cha chai. Mbichi ina harufu, kavu ina ukali, kwa sababu tangawizi ikikaushwa sehemu ya dawa yake hugeuka kuwa kali zaidi. Tia kahawa, ikifura punguza moto, iache ichemke polepole dakika kumi na tano, tia iliki tatu zilizopondwa dakika ya mwisho. Epua, nyunyiza kijiko cha maji baridi juu, subiri dakika tano machicha yatue, kisha mimina kwenye dele, lile birika la kahawa, bila kutikisa. Makaa chini ya dele ni ya kuweka joto tu. Yakizidi, kahawa inaendelea kuchemka na kila kikombe kinakuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Wateja wa mwisho wa muuza kahawa mvivu walikuwa wakinywa adhabu. Na dele la shaba sharti liwe na bati ndani. Bati likichubuka, lipelekwe likapakwe upya.

Kikombe ni kidogo, mililita 50 au 60, na hakitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata, tende au halua iliyo mkononi. Ukitia sukari kwenye kikombe umeshapika kinywaji kingine. Tena ujue kwamba kahawa ya saa nne usiku, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tisa. Kwa wasikilizaji wa redio hilo lilikuwa faida, kwako wa kuamkia kazini sivyo.

Kwa asiyetaka kukesha kulikuwa na ukwaju, na ulikuwa rahisi vilevile. Gramu 250 za ukwaju wenye kokwa, lita 1 ya maji ya uvuguvugu, uloweke saa moja, ufikiche kwa mkono, uchuje mara mbili, utie sukari gramu 150 na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Usitumie sufuria ya alumini wala chombo cha shaba, asidi yake huvila na ladha inakuwa ya chuma. Jagi la kioo au ndoo ya plastiki safi. Kwenye friji hukaa siku tatu. Ukianza kutoa mapovu, mwaga. 

Ukija likizo njoo na redio. Leta kapasita kama fundi wa huko amekwambia namba zake, mkebe wa dawa ya swichi, na mawe manne makubwa ya alkali, maana hapa dukani mara nyingine ni yale ya kaboni yaliyokaa sana juu ya rafu. Waya upo, buni ipo, kinu cha mamako kipo ila usikitwangie vitunguu tena. Anakusalimu.

Babako