Nimeshtakiwa kwa hundi, lakini muuzaji alinidanganya: nitasikilizwa?

Swali: Wakili, nilinunua mashine ya kukoboa mpunga, salio nikaliandikia hundi ya tarehe ya mbele. Muuzaji alisema inakoboa tani mbili kwa saa. Haifiki hata moja. Nikaizuia hundi benki. Sasa nimeletewa wito wa shauri la muhtasari chini ya Amri ya XXXV. Jamaa yangu anasema nipeleke utetezi tu, nitasikilizwa. Ni kweli? (Mfanyabiashara, Shinyanga)

Jibu: Ndugu yangu, huyo jamaa mweke pembeni kwanza. Angekuwa sahihi kwenye kesi ya kawaida ya madai. Amri ya XXXV ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ina utaratibu wake: ukidaiwa kwa hundi, huwezi kujitetea mpaka uombe ruhusa na mahakama ikupe. Usipoomba, yote yaliyomo kwenye hati ya madai yanahesabika umeyakubali, na mdai anapata hukumu bila kuleta shahidi hata mmoja. Kwa hiyo soma leo hii siku ulizopewa kwenye wito.

Ruhusa huombwa kwa kiapo cha maandishi, na hapo ndipo wengi huanguka. Katika hatua hii jaji haulizi kama utashinda. Anatazama kama kuna jambo la kweli la kusikilizwa. Mara nyingi naletewa viapo vya "mdai alinilaghai kwa nia ovu", kurasa tatu, tarehe hakuna. Hayo ni manung'uniko. Wewe andika: tarehe fulani, dukani, fulani aliniambia tani mbili kwa saa, nikamuuliza tena kwa ujumbe wa simu, akajibu hivi, nakala naiambatisha, mashine ikafungwa siku fulani, tukaikobolesha saa nzima, tukapima, zikatoka kilo kadhaa. Fundi aliyekuwepo naye aape kiapo chake, maana "fundi aliniambia" ndani ya kiapo chako haina uzito.

Sasa sheria yenyewe. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu aliyekubali mkataba kwa kauli ya kupotosha auvunje, yaani autangue kisheria, au aushikilie na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama kauli ile ingekuwa kweli. Hukuniambia kama mashine bado inafanya kazi. Kama inakoboa mpaka leo na wateja wanakulipa, kusema umeuvunja mkataba itakuwa vigumu. Kilichobaki ni kupigania tofauti ya thamani. Tena kanuni ya 3 ya ile Amri ya XXXV inampa jaji uwezo wa kutoa ruhusa kwa sharti, mfano uweke fedha mahakamani au utoe dhamana. Anza kuzitafuta.

Kile kifungu cha 19 kina mwiba pia. Kama muuzaji alikosea tu bila hila, na wewe ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, huwezi kuuvunja mkataba. Ukithibitisha kwamba alijua anadanganya, kinga hiyo haimfai. Ndiyo maana wakili wake atakuuliza kama ulipewa nafasi ya kuijaribu kabla ya kununua, na kile kibao cha chuma ubavuni mwa mashine kimeandikwa uwezo gani. Nenda ukakisome kabla hujaapa lolote.