Weka mzani pembeni, chukua tepu ya kupimia kwanza

Ndugu, usilipe hata senti. Umeandika kwamba unataka kutuma godoro lako la sponji nje ya nchi, lina kilo 30, wakala wa mizigo amekutajia bei ya kilo moja kwa ndege, umezidisha, na sasa unauliza kama bei ni nzuri, kama meli ni nafuu na kama ukate bima. Hiyo hesabu ya kilo 30 haipo. Ndiyo iliyoniumiza mimi.

Godoro halilipiwi uzito wa mzani, linalipiwa nafasi linayokula. Zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, kisha gawa kwa 6,000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000. Jibu ni uzito wa ujazo, na utalipia ule mkubwa kati ya huo na wa mzani. Godoro la 200 kwa 150 kwa 25 linatoa kilo 125. Kwa 5,000 ni 150.

Bado hujalifunga! Zungushia maboksi na nailoni, vipimo viwe 205 kwa 155 kwa 30, maana ghalani wanapima pale palipotuna zaidi. Sasa ni karibu kilo 159. Yaani kufunga tu kumekuongezea kilo 34, zaidi ya uzito wa godoro lenyewe.

Na wakala anayekutajia bei ya kilo bila kuuliza vipimo, usiniambie amesahau. Kazi yake ni hiyo kila siku. Anajua mzigo ukishaingia ghalani kwake huna ujanja, utalipa au utalipia kuurudisha. Huo ni wizi, nasema wazi.

Kinachookoa pesa ni kulinyonya hewa na kulikunja. Likiingia kwenye boksi la 40 kwa 40 kwa 155, linashuka hadi kilo 41 hivi kwa kugawa kwa 6,000. Ila mfuko wa kunyonyea hewa wa nyumbani ukipata tundu dogo tu, sponji inavuta hewa na boksi linatuna njiani, nao watapima upya. Kwa hiyo tumia mifuko miwili, na funga mikanda kila baada ya sentimita 30 kabla ya kuzima mashine ya kunyonya hewa. Godoro la springi zilizounganishwa kwa waya usilikunje kabisa. Waya zikipinda hazirudi.

Meli inahesabu kwa CBM, yaani mita za ujazo. Lako ni kama 0.95 likishafungwa, lakini wasafirishaji wengi wana kiwango cha chini cha kulipia cha CBM 1, na bandarini unakokwenda kuna gharama za kushusha, makaratasi na ghala. Nchi nyingi pia hutoza ushuru kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, kwa hiyo nauli ikivimba, ushuru unavimba nayo. Kama limetumika, uliza forodha ya huko kwanza: kuna nchi zinazokataa, na nyingine hudai cheti cha kufukiza dawa.

Mwandikie wakala leo hii: "Kwa 205 × 155 × 30, uzito wa kulipia ni kilo ngapi, mnagawa kwa ngapi, na jumla hadi nachukua mzigo ni kiasi gani?" Jibu lije kwa maandishi, godoro likiwa bado liko kitandani kwako.