Maswali Yenu: Ndege Ndogo Inapopitiliza Njia ya Nyasi

SWALI: Kitabu cha Cessna 172S kinasema ndege ikipita juu ya kizuizi cha futi 50 hutua na kusimama ndani ya futi 1,335, yaani mita 407. Asubuhi moja huko Maasai Mara ndege ya aina hiyo ilipitiliza njia ya kurukia ya nyasi ya mita 900 ikaishia mtaroni, na rubani anaapa kuwa breki zilikuwa nzima. Mita zote hizo zilikwenda wapi?
*Mwanafunzi wa urubani, Nairobi*

JIBU: Zililiwa kidogo kidogo, na kuhusu breki huenda rubani anasema kweli. Zile mita 407 ni za usawa wa bahari, kwenye lami kavu, upepo umetulia. Mara iko futi 5,000 hivi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza hushauri uongeze asilimia 5 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na asilimia 5 kwa kila nyuzi 10 za joto. Joto la kawaida kwenye futi 5,000 ni nyuzi 5, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 15, yaani 10 zaidi, tayari uko mita 545. Nyasi zina umande? Zidisha kwa 1.35, upate 736. Nyasi zikiwa fupi sana na zimelowa, utelezi unaweza kufikisha 1.6, nazo ni mita 872. Hapo hujagusa akiba ya usalama, yaani kuzidisha tena kwa 1.43, ambayo hata ukianzia 736 inakupeleka mita 1,050. Njia ile ilikuwa fupi kabla rubani hajakosea lolote.

Akikosea, hali huharibika haraka. Kasi ya kuja kutua kwenye njia fupi ni noti 61 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa); ukija na 68, nishati ya kumalizwa na breki imeongezeka karibu robo, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kasi. Na ndege yenye kasi ya ziada haikubali kukaa chini: inaelea, na kila sekunde ya kuelea inameza zaidi ya mita 30. Ukivuka mwanzo wa njia ukiwa juu kwa futi 10 tu kuliko ulivyopanga, ukishuka kwa pembe ya nyuzi 3, umetupa mita 58 nyingine. Upepo wa nyuma nao, kwa mujibu wa kitabu chenyewe, huongeza umbali kwa asilimia 10 kwa kila noti 2. Marubani wengi huogopa upepo wa ubavuni na kuudharau huu, ilhali huu ndio unaowafikisha mtaroni.

SWALI: Nikishagusa nyasi zilizolowa, nikanyage breki mpaka mwisho?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hapana. Gurudumu likifunga linateleza juu ya majani kama sabuni, na usukani wa mbele nao unakosa nguvu. Kwanza kunja flapu, vile vibamba vya nyuma ya mabawa, ili mabawa yaache kubeba na uzito uangukie magurudumu, vuta usukani nyuma, kisha kanyaga kwa kupima: ukihisi mtelezo, legeza, kanyaga tena. Kwenye ndege ya magurudumu yanayokunjwa, hakikisha mkono umeshika wenzo wa flapu kweli. Kuna waliokunja magurudumu wakiwa chini.

Uamuzi mkubwa hufanyika mapema zaidi. Chagua alama ardhini, tuseme theluthi ya njia. Kama hujagusa ukifika hapo, sukuma nguvu zote upae tena. Ukishaanza kukanyaga breki na mwisho wa njia umekaribia, usibadili mawazo: kuingia kichakani kwa noti 15 kunavunja ndege, kugonga miti kwa noti 50 kunaua. Ukiona njia haitoshi, kata mafuta, zima sumaku za injini (zinazotoa cheche za plagi) na swichi kuu, na fungua mlango kabla fremu haijapinda ukakwama.

SWALI: Propela imepinda ncha tu. Fundi afunge nyingine tuirushe Nairobi?
*Meneja wa kambi, Narok*

JIBU: Kwanza msiiguse. Kupitiliza njia ni tukio la kuripotiwa kwa idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, na ndege haisogezwi bila ruhusa, isipokuwa kuokoa watu. Baada ya hapo, propela mpya haitoshi. Kwenye injini za Lycoming, kama ya Cessna 172S, propela ikigonga kitu lazima gia iliyo nyuma ya fimbo kuu inayozungushwa na pistoni ikaguliwe, pamoja na pini yake na nyuzi za tundu la bolti, na bolti yenyewe ibadilishwe. Pini ikikatika hewani, injini inazima. Mwambieni fundi aangalie pia ukuta wa kuzuia moto, unaotenga injini na chumba cha rubani: mikunjo kwenye bati lake ni dalili kuwa gurudumu la mbele lilipigwa kwa nguvu, na gharama yake inaweza kushinda ya propela.

Kwa kambi yenu: njia isiyo ya vyombo (ambako rubani hutua kwa kutazama kwa macho) iliyo chini ya mita 800 inatakiwa kuwa na angalau mita 30 zilizosawazishwa kila mwisho, ikifika mita 800, ni 60. Mtaro wa maji uchimbwe nje ya hapo.