Wasomaji Wauliza: Nani Huhesabiwa Mwenyeji?

SWALI: Mhariri, hapa Kwale Wamakonde tunawaona ndugu zetu, lakini Wahindi, waliokuja tangu enzi za reli, bado twawaita wageni kwa kuwa hawachangamani nasi. Je, kipimo hiki ni cha haki? Msomaji, Msambweni.

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo hicho kina walakini, kwani undugu unaoutaja haukuwapa Wamakonde vitambulisho. Walitoka Msumbiji, wengi wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazungumza Kiswahili na kuoana na wenyeji. Hata hivyo, mtu asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Ilibidi wafunge safari ya maandamano kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo serikali ikawakubali, wakahesabiwa kabila la 43.

Kuhusu Wahindi, wengi wa vibarua wa reli walirudi kwao, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo Mombasa kabla ya reli hiyo kuanza kujengwa mwaka 1896. Ni kweli kwamba ndoa kati yao na Waafrika ni nadra, na lawama hiyo siipuuzi. Lakini serikali ya kikoloni ndiyo iliyogawa shule, hospitali na mitaa kwa rangi, ikawazuia pia kumiliki mashamba katika Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, wakabaki mjini na biashara zao. Kwa hiyo wengi wetu tumekutana nao dukani, mmoja tajiri na mwingine kibarua, na nashuku kwamba mengi tunayoyaita tofauti za utamaduni ni manung'uniko ya mshahara. (Jikoni hatukujitenga: sikukuu gani ya Mkenya hukosa chapati?) Tena tunawachanganya wote, Waismailia, Mabohora, Magoa na Makalasinga, tukisahau kwamba Makhan Singh alikaa kizuizini karibu miaka 11 kwa kutetea wafanyakazi na uhuru, na kwamba Pio Gama Pinto, Mgoa aliyepigania uhuru, aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965. Wahindi nao walitangazwa kabila la 44 Julai 2017, baada ya Wamakonde.

Ukitaka kujua kama kuchangamana ndiko kunakompa mtu uenyeji, watazame Wapemba wa Kwale na Kilifi: Kiswahili ndiyo lugha yao, dini yao ni ya majirani zao wengi, wanavua bahari ile ile, na bado walisubiri kutambuliwa hadi 2023.