Mwanangu, kuhusu kiwiko chako

Mwanangu,

Marahaba. Jumapili uliniuliza: "Baba, kiwiko kikipona, nirudi kurusha mpira wa besiboli au niache? Na nikirudi, nani atanitaka?" Kwenye simu nilikujibu "tutaona" kwa sababu mama yako alikuwa anasikiliza.

Kurudi uwanjani utarudi, Mungu akipenda. Tommy John, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani ambaye upasuaji wako wa kano ya kiwiko umebeba jina lake, ndiye aliyetangulia kufanyiwa, mwaka 1974. Daktari Frank Jobe, aliyempasua, alimpa nafasi moja kati ya mia ya kurudi. Alirudi 1976, akashinda mechi 164 na ule mkono, akaja kuacha ana miaka 46. Juzi nimejaribu kile kipimo ulichofanyiwa: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja, uone kama uzi wa kano unasimama katikati ya kifundo cha mkono. Wangu upo mkono wa kulia tu, kushoto hakuna kitu. Wako wameuchomoa wakaufungia kiwikoni mahali pa kano iliyokatika, na bado unashika kalamu. Ajabu.

Ninachokihofia ni haraka yako. Unamkumbuka Strasburg, yule mrushaji wa Washington Nationals? Wewe ulikuwa na miaka 7. Usiku wa tarehe 8 Juni 2010 nilipaki teksi karibu na uwanja wao, Nationals Park, abiria wakaingia sauti zimewakauka: kijana wa miaka 21, mechi yake ya kwanza ligi kuu, kawatoa wapigaji 14 wa Pittsburgh. Agosti kano ya kiwiko ikakatika, naye akapasuliwa kama wewe. Alirudi Septemba 2011, na 2012 klabu ikampumzisha kwa nguvu ili kuulinda mkono, timu ikiwa inaelekea kwenye mtoano. Abiria wangu walitukana mwezi mzima. Mimi niliona klabu imefanya la maana, na leo bado naona hivyo. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali, akasaini dola milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya hapo alianza mechi 8 tu. Safari hii mambo yaliharibika kati ya shingo na bega, neva zilikuwa zinabanwa. Mwaka 2024 akastaafu. Sasa mimi dereva wa teksi nikuahidi nini?

Nani atakutaka, sijui. Usajili wa wachezaji wapya wa ligi kuu ulikuwa na raundi 40, siku hizi ni 20, na wewe una miaka 22 na kovu. Mlango ni mwembamba. Ila rudi, kwa sababu nikikuambia acha utanilaumu mpaka uwe na wajukuu. Maliza shahada kwanza, hilo halina mjadala. Na kabla miezi kumi na miwili haijatimia, mtu akisimama na kile kifaa cha kupima kasi, wewe weka mpira chini uondoke.

Kuna deni langu pia. Kiangazi cha 2019 ulirusha mipira 110 Jumamosi, na Jumapili ukapanda kurusha tena. Mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unasema kijana wa miaka 16 asizidi mipira 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku nne. Kocha alisema mkono mchanga hauumii. Sisi Muheza tulikuwa tunapopoa maembe kwa mawe kutwa nzima bila kuumia, nikaona ndivyo ilivyo. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja, juisi mkononi, nashangilia kila mpira. Ada nilikuwa nalipa mimi, ningeweza kukutoa. Nisamehe.

Ukija Aprili utakuwa unarusha futi 45, nami nitakudakia nyuma ya nyumba. Glavu yako ya zamani ipo, nimeipaka mafuta. Mama yako anauliza kama bila ule uzi utaweza kusonga ugali. Mjibu mwenyewe, mimi hanisikilizi.

Baba yako